Bakuli Lililotakiwa Kurudi Tupu

Sikuwapenda watunzaji wa kulipwa, na sitajifanya leo kwamba niliwapenda. Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa nesi wa wodi ya wanaume katika hospitali moja mjini Kisii. Wanawake hao waliingia humo na vikapu vyao kama wenye nyumba. Sisi tulikuwa tumesomea kofia zetu nyeupe; wao walifunga leso kiunoni wakaanza kutuamuru tusogee.

Aliyenichemsha damu zaidi ni mama mmoja wa makamo, aliyeandikwa kumtunza mzee wa Ekerenyo. Kiharusi kilikuwa kimempoozesha mzee upande mmoja, hata kumeza kukawa shida. Wanawe walifanya kazi mbali. Mke wa mwanawe mkubwa ndiye aliyeleta chakula, lakini kwetu Wagusii mke wa mwana hakaribii kitanda cha baba mkwe. Ni heshima, tunaiita chinsoni, na haina mjadala. Basi alisimama nje, akapitisha bakuli la uji wa wimbi dirishani, akasubiri. Likirudi tupu, alijua mzee anatunzwa. Likirudi na uji, yule mama aliambiwa ni mvivu.

Nilimwonya mara nyingi.

"Mama, mwinue kwanza. Mpe kidogo, ameze, ndipo umpe tena. Akikataa, wacha."

"Sista, wewe una wagonjwa wako," alinijibu bila kugeuka. "Mimi nimeandikwa na wenyewe."

Nilimshtaki kwa mkubwa wetu wa wodi. Akasema tumwache, maana bila yeye nani angemgeuza mzee na kumfulia shuka? Niliondoka pale nimefura.

Asubuhi moja nilikuwa nafunga kidonda cha mgonjwa wa jirani, nikasikia mzee akikoroma vibaya. Alikuwa amelala chali, uji umemjaa mdomoni, na yule mama bado anakomba bakuli. Nilimsukuma kando, nikamgeuza mzee ubavu, nikautoa uji kwa vidole. Alikuwa ameshakata roho.

Nilipotoka kuwapa habari wenyewe, yule mama alikuwa amenitangulia. Mke wa mwana alikuwa analia, amemshika mikono yote miwili.

"Asante sana, mama. Angalau mzee hakuondoka na njaa."

"Huo uji ndio uliomuua," nikasema. Sikulainisha neno.

Mke wa mwana alinitazama kwa chuki ambayo sijaisahau.

"Nyinyi masista mna wivu," akasema. "Huyu alikaa naye. Nyinyi mlikuwa mnapita tu."

Mwaka haukuisha kabla mama mkwe wake, mjane wa yule mzee, naye hajaanguka, akapooza vile vile. Safari hii hawakumleta hospitalini. Walimweka nyumbani Ekerenyo, wakatuma mtu amwite yule yule mama aje amlishe.