Nyaya Mbili Nilizozikata Mbinga

Siku ya kwanza kazini nilifika Mbinga saa moja asubuhi na bisibisi yangu mwenyewe mkobani. Nilikuwa fundi wa redio na sikutaka mtu anione mwanafunzi. Biashara ya kahawa ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, kampuni zao zikamiminika, na moja ikaniajiri kwa majaribio ya miezi mitatu nitunze kompyuta. Fundi Mkuu, mzee wa Kimatengo, aliitikia shikamoo yangu, kisha akauliza mimi ni mtoto wa nani, natoka wapi, babu yangu alilima wapi. Kazi haikutajwa hadi nilipomaliza kujibu.

Ndipo akashika waya wa skrini.

"Kompyuta nayo ni hivyo hivyo, binti. Skrini isiyoijua, haiipi picha nzuri."

Akaeleza kwamba ndani ya skrini kuna chipu ndogo ya kumbukumbu. Kompyuta ikiwashwa, kadi ya picha huiuliza kupitia nyaya mbili nyembamba. Mmoja hupiga mapigo, mwingine huleta majibu. Majibu ni baiti mia moja ishirini na nane: nani kaitengeneza skrini, upana wake, inamudu picha za namna gani. Baiti ya mwisho ni ya kuhakiki, hesabu isipokaa sawa ujue ujumbe umeharibika njiani. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Uongo mtupu!

Wiki ya tatu Meneja alitaka skrini kubwa ukumbini, kompyuta ibaki ofisini nyuma ya ukuta. Saa nne wakulima wangekuja kuonyeshwa picha za chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni changa mtini. Tundu la ukutani lilikuwa dogo na kichwa cha waya hakikupita. Nikakikata, nikapitisha waya, nikaunga upya nyaya tatu zinazobeba rangi, mbili za kuongoza mpigo wa picha, na za ethi, zinazorudisha umeme. Zile mbili nyembamba sikuziunga. Sisi wa redio tulizoea kwamba waya usiobeba sauti ni mzigo.

Picha ikatoka, lakini ya mabaka, rangi za kuhesabu. Kompyuta ilikuwa imeuliza, haikujibiwa, ikatuma picha duni ambayo skrini yoyote ingeimudu.

Meneja akakodoa macho. "Hii ni chulebuni au matope?"

Akasema skrini ni mbovu, irudishwe Dar es Salaam, na kama wakulima wataondoka hawajaona kitu, mimi nirudi kwenye redio zangu. Iliniuma sana, maana kahawa ya baba yangu iliozea mtini kwa ugonjwa huo huo. Nikameza kiburi, nikamwambia Fundi Mkuu kwamba nyaya mbili nimezikata mimi. Hakunikaripia.

"Sasa itaijuaje?" aliuliza tu.

Nikachukua lehemu, nikaziunga huku wakulima wakianza kuketi. Picha ikabaki vile vile! Machozi yakanilenga. Kisha nikakumbuka somo la siku ya kwanza: swali huulizwa kompyuta inapowashwa. Nikaizima, nikaiwasha tena.

Jamani, raha niliyoipata! Buni ilijaa skrini nzima, doa jeusi limebonyea ubavuni, kila mtu analiona. Mzee mmoja akaacha kiti chake, akaligusa kwa kidole.

"Hili ndilo lililoko kwangu," alisema. "Miaka yote nalaumu mvua."

Meneja akauliza nani kaitengeneza.

"Huyu binti," Fundi Mkuu akajibu. "Na ndiye aliyeiharibu, kasema mwenyewe. Mpe barua yake."

Barua hiyo ya ajira ilinipeleka Lituhi, kisha Mbamba Bay, ambako unyevu wa ziwa hula pini za waya na nikawa bingwa wa kuzisafisha. Nikaishia kuwa Fundi Mkuu mwenyewe, na kila aliyeingia karakana yangu niliuliza kwanza ni mtoto wa nani.

Wiki ya kustaafu nilirudi Mbinga kukabidhi kazi. Skrini ni mpya, nyembamba, lakini waya ukutani ni ule ule, kiungo changu kimeviringishwa utepe mweusi. Fundi aliyenirithi akasema ni wa kizamani, akachukua koleo aukate. Nikamwambia awashe kwanza. Picha ikatokea safi kabisa.

Akarudisha koleo mfukoni.