Misumari Mitatu ya Mjomba

Mjomba wangu ni fundi viatu. Kwa miaka thelathini na moja amekaa chini ya ngazi za jengo lile lile, juu ya kibao kile kile, akipokea miguu ya mji mzima. Nasema miguu kwa sababu nyuso hazijui. Ukimsalimia barabarani hutazama kwanza chini, aone unavyokanyaga, ndipo akumbuke wewe ni nani. Mimi mwenyewe, mtoto wa dada yake tumbo moja, huniita Kisigino cha Kulia, kwa kuwa ndicho ninachokimaliza kabla ya mwenzake. Ninachapa barua na maombi ya watu katika chumba kilicho juu ya ngazi hizo hizo, na sauti ya nyundo yake nimeizoea hata ikinyamaza napoteza mstari.

Ana mtindo wake mmoja ambao sijauona kwa fundi mwingine. Akimaliza kiatu, kabla ya kukifunga kwenye gazeti, hupiga misumari mitatu midogo chini ya kisigino, imekaa pembe tatu. Haina kazi yoyote. Kisigino kimeshashikwa na gundi na uzi. Ile ni saini. Shule aliiacha darasa la tatu, na kwenye karatasi za serikali huweka dole gumba, lakini kwenye kiatu anasaini. "Usione vyaelea, vimeundwa," husema, "na aliyeunda ndiye mimi." Ikawa kila anayepita kwenye tope mtaani kwetu anaacha nyuma yake pembe tatu, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Kisha wakaanza kutafutwa wale watu. Redio ilisema ni magaidi, na kwamba walikuwa wamepanga nyumba pembezoni mwa mji. Askari walipoivamia, asubuhi moja ya mvua, walikuta chai ingali moto na dirisha la nyuma liko wazi. Chini ya dirisha, kwenye tope, palikuwa na alama ya kiatu. Wakaimwagia plasta, ikakauka, wakaigeuza. Misumari mitatu, pembe tatu.

Siku ya pili yake wakaja, saa nne asubuhi, magari matatu, kumkamata mtu ambaye hawezi kunyanyuka kwenye kibao chake bila kushikwa mkono. Walichukua nyundo, koleo, makopo mawili ya gundi ambayo waliyaandika "kemikali", na viatu kumi na saba vya watu, tisa kati yake vikiwa vya mguu mmoja. Mjomba aliwauliza jambo moja tu.

"Sasa wenye viatu nitawaambia nini?"

Nalo likaandikwa. Baadaye lilisomwa mahakamani kama dalili kwamba alikuwa na mawasiliano na wenzake.

Mpelelezi mkuu wa kesi alikuwa mtu wa suti iliyonyooka, aliyehifadhi vifungu vya sheria kwa ghibu na kuvitoa kimoja kimoja kama mtu anayegawa peremende. Mahojiano alinisimulia mjomba mwenyewe, na mjomba hajui kutia chumvi; hata kwenye maneno anapima kabla ya kukata.

"Sheria inakataza kumsaidia gaidi kwa fedha, mali, huduma, makazi au usafiri," mpelelezi alimwambia. "Wewe ulimpa soli. Hiyo ni mali. Ukaishona. Hiyo ni huduma. Akakimbia nayo. Huo ni usafiri."

"Makazi sikumpa, afande," mjomba akasema.

"Alikaa kwenye kibao chako akisubiri?"

"Wote hukaa."

Mpelelezi akaongeza makazi.

"Na bei?"

"Sijui unamsema nani katika hao wote. Lakini asiye na kitu huwa nampunguzia."

Hapo mpelelezi aliandika kwa raha ya mtu aliyepata kilichopotea. Kumbe punguzo ni ufadhili. Miaka yote hiyo mjomba alidhani ni huruma.

"Afande, mimi sikujua kama kuna gaidi."

"Sheria inasema kwa kujua, au kwa kuwa na sababu ya kujua."

"Sababu gani?"

"Soli ilikuwa imekwisha kabisa. Mtu mwema anakwenda wapi hadi soli inaisha?"

Mjomba aliwaza walimu, wauguzi, wauza magazeti, na wazee wanaofuatilia mafao yao ofisi hadi ofisi. Akaona akiwataja atawaponza, akanyamaza. Kunyamaza nako kukaandikwa.

Wakamtaka majina ya wateja. Majina hana, ana miguu. Kwa siku mbili nzima aliwatajia kwa uaminifu wake wote: Kidole Kikubwa, Mama Nyayo Bapa, Mwalimu Kanyagia Nje, Bwana Harusi Kiatu Kinabana. Ilijaa kurasa sita. Gazeti liliandika kwamba mtandao umegunduliwa, wenye watu zaidi ya mia mbili, wote wanatumia majina bandia na alama ya misumari mitatu kisiginoni.

Hapo mtaa ukaingiwa na homa. Jioni ile ile habari ilipotoka, watu walikaa kwenye vizingiti vya nyumba zao, kiatu mapajani, wanang'oa misumari. Wenye koleo walitumia koleo, wasio nayo walitumia visu na vijiko. Jirani yetu mmoja, mwanamume mwenye kifua chake, alivunja jino. Watu ambao mjomba aliwashonea viatu vya kuombea kazi, vya kuolea, vya kuzikia wazazi, waliitupa ile misumari chooni na kumwaga maji juu yake. Asubuhi ungewaona wanavyotembea, visigino vinalegea, wengine wanachechemea, na kila mmoja anamtazama mwenzake chini. Sijapata kuona mji mwoga kama ule, na nilisema hivyo kwa sauti kwa yeyote aliyetaka kusikia.

Dhamana alinyimwa. Kosa lenyewe lilikuwa la miaka ishirini. Mkaza mjomba, mkewe, alihesabu kwa vidole pale kwenye benchi la kituo: mjomba ana sitini na minne. Akarudia kuhesabu kutoka mkono wa pili, kana kwamba mkono wa pili ungekuwa na huruma zaidi. Kisha akaniambia, "Atafia mle ndani, mwanangu. Na mimi nitakufa huku nje. Basi wawe wamemaliza kazi." Mwanamke yule hajui kulia mbele za watu, lakini siku ile alilia, na mimi nikalia naye.

Niliandika maombi manne kwa ajili yake. Nilitumia maneno yote mazito ninayoyajua. Yakajibiwa kwa mstari mmoja: uchunguzi unaendelea.

Jambo la ajabu ni kwamba katika siku zote hizo hakuna aliyemwonyesha mjomba ile plasta. Aliomba mara tatu. Walimwambia ushahidi ni siri, na mshtakiwa hawezi kuonyeshwa siri zinazomhusu. Akaiona kwa mara ya kwanza mahakamani, siku ya kusikilizwa kesi, pale mwendesha mashtaka alipompelekea kizimbani ili aitambue.

Ukumbi ulijaa. Mpelelezi alikaa mstari wa mbele, suti imenyooka. Mwendesha mashtaka alieleza habari ya misumari mitatu, pembe tatu, chini ya kisigino. Alipofika hapo nikasikia kitu kama upepo: watu wanavuta miguu chini ya viti. Karani alivuta. Askari wa mlangoni alivuta. Nami nilikuwa nimekaa pembeni, mahali ambapo niliweza kumwona hakimu mwenyewe chini ya meza yake, akikunja miguu taratibu, kushoto kisha kulia, uso umetulia kabisa.

"Unaitambua alama hii?" akauliza hakimu.

Mjomba akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha dole gumba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu akamatwe kushika kitu cha kazi yake, na uso wake ulibadilika. Alifurahi. Mtu anakabiliwa na miaka ishirini, na alifurahi.

"Ni kazi yangu, mheshimiwa."

Mwendesha mashtaka akatabasamu, akataka kukaa.

"Na kiatu nakijua," mjomba akaendelea. "Cha kushoto, namba arobaini na tatu. Huu msumari mmoja umeinama. Siku ile mpini wa nyundo ulivunjika, nikamalizia kwa jiwe. Niliona aibu sana. Kililetwa na mama mmoja mwenye heshima zake. Akaniambia, fundi, mume wangu ana goti bovu, guu la kushoto analiburuta, kitie soli nene upande wa nje. Nikakitia. Unene wenyewe ndio huu, na ndivyo alivyoula."

"Mume wake ni nani?"

"Uso wake sikuujua wakati ule, mheshimiwa. Yeye mwenyewe hakuja." Mjomba alisita, maana ni mtu wa adabu. "Lakini mwendo wake nimeusikia kila siku kwenye ukumbi wa mahabusu. Ko, shwaa. Ko, shwaa. Nikawa nasema moyoni, huyu ndiye mwenye goti, soli imemkubali."

Mahakama nzima ikageuka kumtazama mpelelezi. Sisi sote tulikuwa tumemwona akiingia asubuhi ile. Ko, shwaa.

"Afande," hakimu akasema, "hebu nyanyua mguu wa kushoto."

"Mheshimiwa, kwa heshima ya mahakama, kielelezo hicho kilichukuliwa kwa utaratibu..."

"Mguu, afande."

Akanyanyua. Misumari mitatu, mmoja umeinama.

Siku ya uvamizi ni yeye aliyekuwa wa kwanza kuruka lile dirisha la nyuma, kwa ushujaa ambao alikwisha kuusimulia redioni mara mbili. Akatua kwenye tope. Kisha akawaamuru vijana wake walinde ile alama kwa uangalifu mkubwa, nao wakailinda, na akaifuatilia mpaka ikampeleka kwa fundi wake mwenyewe. Magaidi, kama walikuwepo, ilibainika walitokea mlango wa mbele.

"Nyani haoni kundule!" mkaza mjomba akapiga kelele kutoka nyuma. Hakimu akagonga meza na kutaka utulivu, akaufunika mdomo wake kwa jalada la kesi.

Mashtaka yaliondolewa. Hakuna aliyeomba radhi; walisema tu hawana nia ya kuendelea kwa sasa. Mjomba akarudishiwa nyundo, koleo, na viatu kumi na sita. Gundi ilibaki kwa uchunguzi. Mpelelezi alihamishiwa kitengo cha mafunzo, anawafundisha wenzake kutambua alama. Mke wake angali analeta viatu, na mjomba anavipokea.

Watu nao wakarudi, taratibu, wakianza na wale wenye visigino vilivyolegea zaidi. Walimpa mkono, wakamwita shujaa, wakasema tuliomba sana. Na kila kiatu kilichowekwa kwenye kibao kilikuwa na matundu matatu, pembe tatu. Mjomba aliyaona. Yeye huona kila kitu kilicho chini ya kisigino. Aliyaziba kwa gundi, moja baada ya jingine, hakumuuliza mtu neno, wala hakupiga tena msumari. Juu, chumbani kwangu, nilikuwa naisikia nyundo ikiishia njiani.

Yalipita majuma sita hivi, kisigino changu cha kulia kikaisha, kama kawaida yake. Nikateremka, nikavua kiatu, nikampa huku naendelea kuwasema majirani. Hasira zangu kwao zilikuwa hazijaisha. Akakigeuza. Dole gumba lake likapita juu ya kisigino, likasimama.

Siku ile walipomkamata niliwasikia askari wakitaja misumari mitatu; magari yalipoondoka tu, nilipanda chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikaing'oa yangu yote mitatu kwa mkasi wa karatasi. Nilijiambia mimi kila siku napeleka barua kwa wakubwa, mimi ni tofauti, nikiwa huru ndipo nitaweza kumsaidia. Hata sikungoja jioni kama wenzangu.

"Mjomba," nikasema.

"Kisigino cha Kulia," akasema yeye, polepole. Hakukasirika. Nilitamani sana akasirike.

Akakisafisha, akapaka gundi, akashona. Halafu akavuta kile kikopo chake kilichokuwa kimefunikwa tangu arudi, akatoa misumari mitatu, akabana miwili mdomoni, akasimamisha mmoja juu ya tundu lake. Akainua nyundo. Akasita, akanitazama usoni, yeye ambaye huwa hatazami nyuso.

"Nipige?"

Miaka thelathini na moja hajawahi kumuuliza mtu.

Nikamwambia, piga, mjomba. Lakini kabla sijafungua mdomo nilikwisha kugeuza shingo kutazama barabarani, na yeye aliniona nikitazama.