Chembe za Damu Yake

Mume wangu alikuwa akiongoza watalii wanaotembea kwa miguu. Aliwashusha kutoka nyanda za juu za Ngorongoro hadi bonde la Olbalbal, kisha akarudi nyumbani Karatu na vumbi hadi kwenye kope. Kisukari alikuwa nacho, ila alikichukulia kama mafua tu. Safari moja kiatu kikamchubua kisigino. Hakusikia maumivu yoyote. Mimi ndiye niliyeona damu kwenye soksi.

Kidonda kikakataa kupona. Tulikisafisha, tukakifunga, na kila tulipokifungua kilikuwa kimepanuka. Mwishowe daktari mmoja wa Arusha akatueleza njia nyingine: atachota damu ya mume wangu mwenyewe, aizungushe kwenye mashine mpaka zijitenge zile chembe zinazogandisha damu, kisha azipake kidondani. Alisema chembe hizo huuchochea mwili kuotesha nyama mpya.

"Damu ileile iliyojaa sukari ndiyo initibu, daktari?" mume wangu akauliza.

"Ndiyo hiyohiyo, mzee. Lakini siwezi kukuahidi kitu."

Kilichopatikana kilikuwa kidogo, cha manjano, kinavutika kama ute wa yai. Kikapakwa, kikafunikwa. Tukawa tunakwenda na kurudi. Siku moja nesi alipofungua bendeji niliona nyama imeota pembeni, nyekundu, changa kama ufizi wa mtoto. Nililia palepale. Njiani kurudi, mume wangu alizungumzia msimu wa wageni tu.

Kisha kidole gumba cha mguu uleule kikaanza kuwa cheusi. Daktari alibonyeza mguu huku na huku akitafuta mapigo ya damu, asiyapate.

"Mishipa imeziba," akasema. "Tunapanda mbegu, mama, lakini maji hayafiki shambani."

Wakamkata mguu chini ya goti.

Sasa anashinda kitandani, uso ameugeuzia ukutani. Wenzake wa kazi walikuja mwanzoni, wakaongea kwa sauti kubwa na kucheka zaidi ya ilivyohitajika, wakaacha kuja. Siwalaumu. Hata mimi wakati mwingine nakaa jikoni bila kazi yoyote.

Juzi nilipokuwa nikimpangusa mwili niliona lengelenge katikati ya vidole vya mguu uliobaki. Yeye alikuwa ameshaliona. Aliuvuta mguu taratibu, akauficha chini ya blanketi.

"Liache," akasema. "Usimwambie daktari."

"Baba, tukichelewa..."

"Nimesema liache."

Nikamkausha mgongo, nikatoka kumwaga maji.