Ufunguo Aliobaki Nao

Neno lenyewe ni dogo, na wakili aliyenilea kikazi alilitamka huku akitafuta kofia yake. "Nakuachia ofisi," alisema. Kofia ikapatikana nyuma ya kiti, akaivaa, akaanza kulalamikia mabasi ya magharibi, kwamba siku hizi yanaondoka mapema mno. Alikuwa anastaafu. Alikuwa anarudi kwenye mji mdogo alikozaliwa, na mimi nikabaki na lile neno, sijui nilishike upande gani.

Maana kwa Kiswahili chetu ukiniachia kitu huenda umenipa, na huenda umeniwekesha tu. Mtu humwachia jirani mtoto akikimbia sokoni Muthurwa, na jirani hawezi kudai kwamba amepewa mtoto. Mtu pia humwachia mwanawe shamba, na shamba likishaachwa hivyo limekwenda. Nilitaka kujua kama mimi ni mwenye ofisi au mlinzi wake. Kibao cha mlangoni kilikuwa na jina lake. Je, nikibandue niweke langu, au nikipanguse vumbi nikimngojea? Mwingine angeuliza tu. Mimi sikuuliza, kwa sababu mzee huyu ndiye aliyenifundisha kulipima neno hilohilo, na niliona aibu kumwomba jibu la somo lake mwenyewe.

Ofisi iko Umoja, hapa Nairobi, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na hunuka rangi mwaka mzima. Nilikuja hapo kujifunza uwakili nikiwa nimezaliwa na kukulia mtaa wa pili tu. Mama yangu husema pua yangu hufika mahali kabla yangu, kwa hiyo wiki ya kwanza nilimuuliza wakili kwa nini mtu mwenye sifa kama zake, ambaye mahakimu walimwita "mzee" kwa adabu, hajahamia katikati ya mji kwenye lifti na mazulia. Akanieleza kwamba kwao ni mji wa barabara moja na kinu kimoja cha kusaga mahindi. Ukimdanganya mtu leo, kesho mko foleni moja na madebe yenu. Nairobi mtu anaweza kudanganya Umoja kisha akahamia Lucky Summer, na yeye hakutaka kuzoea raha hiyo. Alitaka kukutana na wateja wake wakinunua sukuma wiki sokoni. Sikumwamini sana. Nilidhani anakwepa kodi kubwa ya pango.

Kilichonishangaza zaidi ni namna alivyowasikiliza watu. Hakutaka kuambiwa fulani alimaanisha nini. Alitaka maneno kama yalivyotoka mdomoni, halafu akauliza swali ambalo sijawahi kumsikia wakili mwingine akiliuliza: "Na mikono yake ilikuwa inafanya nini?" Mteja angekuwa amekuja na hasira zake, amezipanga vizuri njia nzima, na sasa anaanza kukumbuka mikono. Wengine walikasirika. Mimi nilikaa pembeni nikiandika, nikijiuliza mzee anatafuta nini kwenye mikono ya watu.

Maneno ya mtaa yalimpiga chenga, hilo nalikumbuka kwa furaha. Kijana mmoja alikuja na shida ya nyumba ya kupanga, akasema landilodi "alinishow nihame." Wakili akaweka kalamu chini, akauliza alionyeshwa kwa mkono upi. Kijana akanitazama mimi kwa macho ya kuomba msaada. Nikaeleza kwamba huku kwetu kushow ni kuambia, wala hakuna kilichoonyeshwa. Mzee alicheka mpaka akavua miwani, na tangu siku hiyo akawa ananishow kila kitu. Ananishow chai imepoa. Ananishow kwamba wakili wa mtaa, ndivyo alivyoniita, amechelewa tena.

Kisha akaja mama muuza mahamri. Alikuwa na asili ya pwani, na Kiswahili chake kilinifanya nikae wima. Alikuwa amepanga chumba kwa mzee mmoja mjane, mfanyakazi wa reli, mwenye nyumba hapohapo Umoja. Mzee wa reli alipostaafu akarudi kwao magharibi, na siku ya kuondoka alimwambia mama huyu kwamba anamwachia nyumba. Miaka ikapita. Mama akaezeka upya paa, akapaka rangi, akapanda mchicha nyuma. Mwenye nyumba akafia huko kwao bila kurudi, na sasa watoto wake, watu wazima wenye heshima zao, walimtaka ahame ili wauze. Mama alisema nyumba ni yake, alipewa. Na kama si yake, hakuwa na pengine pa kwenda, kwani huko pwani jamaa waliobaki hata hawamjui kwa sura.

"Alisema nini hasa, mama?" wakili aliuliza.

"Alisema, 'Mama, nakuachia nyumba.' Majirani walikuwepo, waulize."

"Na mikono yake ilikuwa inafanya nini?"

Mama alifikiri. Akasema mikono ilikuwa inahangaika na funguo. Zilikuwa mbili kwenye pete moja, pete ngumu, na mzee wa reli alikuwa akiibenua kwa kucha.

"Akakupa zote mbili?"

Huko chini walikuwa wanakata vyuma. Mama aliuvuta mtandio wake, akaurudisha ulipokuwa. "Alinipa mmoja," alisema. "Mmoja akautia mfukoni."

Nilitaka sakafu inimeze. Kesi yetu ilikuwa imeanguka mbele ya macho yangu, na aliyeiangusha ni wakili wetu wenyewe. Yeye hata hakupepesa jicho. Akamuuliza mama kwa upole anadhani yule mzee wa reli alibaki na ufunguo kwa nini.

"Alikuwa na nia ya kurudi," mama akasema, na hapo ndipo akalia. Nilidhani analilia nyumba. "Miaka yote hii, wakili, nimekaa nikijua kwamba aliniaga. Kumbe hakuniaga."

Alipoondoka nilimkabili mzee. Nilikuwa nimechemka kweli. Nilitaka kujua ni mganga gani anayemchimbia kaburi mgonjwa wake. Akanijibu kwamba swali asilomuuliza mama hapa akiwa ameketi, wakili wa upande wa pili angemuuliza kule mahakamani akiwa amesimama, na kule hakuna wa kumpa kitambaa. Kisha akawaita watoto wa marehemu, akawaeleza habari yote, pamoja na ule ufunguo wa pili. Nilidhani wataruka kwa furaha. Binti mkubwa akasema ufunguo huo wanao. Waliukuta kwenye koti la baba yao, wakajaribu kila mlango kule kwao magharibi na haukufungua hata mmoja. Alisema kama baba yao alikuwa na nia ya kurudi kwa mama huyu, wao hawana mdomo wa kumfukuza. Wakakubaliana kwamba nyumba ni ya watoto, na mama atakaa humo mpaka Mungu amchukue. Hadi leo yumo, na mahamri yake bado ni matamu.

Sasa rudi kwenye ile siku ya kofia. Mzee aliposema "nakuachia ofisi," macho yangu yalikwenda wapi? Kwenye mikono, bila shaka. Mikono iliweka funguo mezani, zote mbili, pete nzima, na uzi mwekundu aliofunga mke wake ili zisipotee. Hakubakiza kitu. Kwa hesabu aliyonifundisha mwenyewe, nilikuwa nimepewa, na nilipaswa kushangilia. Sikushangilia. Nikaichukua ile pete, nikaibenua kwa kucha, nikatoa ufunguo mmoja na kuutia kwenye mfuko wa koti lake.

Aliitazama mikono yangu mpaka ikamaliza. "Haya, wakili," akasema. Hakuongeza "wa mtaa." Akashuka ngazi.

Kwa hiyo nikawa mlinzi, kwa kupenda kwangu. Kibao nilikipangusa. Mzee alipiga simu mara kwa mara, nishow kesi ya yule bwana wa maji iliishaje, nishow kama wale wa chini bado wanakata vyuma, na kila mara nilimuuliza anakuja lini. Alisema mvua ikipungua. Mvua za magharibi, nikaja kujua, hazipungui kwa mtu mwenye moyo mgonjwa.

Alipofariki tulikwenda kumzika. Pamoja na huzuni yote, pua yangu ilitangulia, nikataka kuhakikisha kama alikuwa akinitania. Barabara ni moja kweli. Kinu kipo, na foleni ipo. Mwanamke mwenye debe alinieleza kwamba wakili alipanga foleni kama wao, na watu walipomwambia apite mbele alikataa, akisema akipita mbele hatasikia habari.

Baada ya mazishi mke wake alinivuta kando, pale barabarani, penye kivuli cha ukuta wa kinu. Alisema kila asubuhi mumewe alihamisha kitu kutoka koti la jana kwenda koti la leo, na alipomuuliza ni cha nini, alijibu kwamba hataki kufika Nairobi akafungiwa nje. Akanifungua kiganja, akauweka humo ule ufunguo.

Nilitazama mikono yake. Ilikuwa imebaki mitupu.

Basi ofisi ikawa yangu, yote, pale pale, na nikalia kwa sauti kwenye barabara yao moja, foleni nzima ikinitazama.