Plagi za Nchi Kavu

Mpaka leo nikimsikia mtu akisema Dodoma ni kukavu, damu hunichemka. Neno hilo ndilo lililomrudisha mama yangu korongoni.

Tulikuwa ofisini Makole, tukichagua vifaa vya pampu ya sola ya kisima cha kijijini kwetu. Mimi ndiye niliyekuwa fundi umeme wa mradi. Nilikuwa nimeweka mezani plagi mbili za kuunganisha nyaya na kisanduku kinachoiendesha pampu. Moja ilikuwa ya chuma, nzito, yenye mpira wa duara mdomoni, ya kukaza kwa kuzungusha. Nyingine ya plastiki, nyepesi, ya kuchomeka tu kama ya redio ya sebuleni. Nikasema tuchukue ya chuma.

Mkuu wetu aliigeuza pakiti ya plagi hiyo akasoma maandishi: isiyopitisha maji. Akacheka.

"Maji yapi, fundi? Hapa hata jasho linakauka kabla halijafika kidevuni."

Wote wakacheka. Nilieleza kwamba mpira unaozuia maji ndio huohuo unaozuia vumbi, na adui wetu ni vumbi. Akanijibu kwamba kama ingekuwa ya vumbi, wangeandika vumbi. Angekuwa mtu wa pwani ningemsamehe. Lakini ni mwenyeji mwenzangu, amekua akila vumbi hilohilo, mama yake akifunika chungu cha mlenda lisiingie. Zikanunuliwa za plastiki.

Maji yalipotoka, mama aliitoa kazini kata yake ya kuchotea, akaitia mbegu za mtama. Akawatangazia wenzake wa kwaya kwamba magoti yake yamestaafu, mtoto wake kaleta maji.

Kiangazi kikaja na upepo wake. Pampu ikazima. Nilipotumwa kuikagua niliichomoa plagi, vumbi jekundu likanimwagikia kiganjani, laini kama unga wa uwele. Miguu ya plagi ilikuwa imeungua, na kisanduku chenyewe kimekufa. Mkuu aliposikia akasema wanakijiji hawajui kutunza mitambo, kisanduku kingine kisubiri. Nilimchukia, na bado namchukia.

Mama nilimkuta akipanda kutoka korongoni, alikofukua mchanga mpaka maji yakachuruzika. Ndoo ilikuwa kichwani na kata mkononi. Nikamwamkia, nikampokea ndoo, tukapumzika kando ya bomba la kijiji. Alitaka kujua hasa kimeharibika nini. Nikamweleza habari ya plagi mbili, na kwamba ile imara waliikataa kwa sababu imeandikwa haipitishi maji.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaishika koki, akaifungua yote. Hakikutoka kitu.

"Na hii mliyonunua, mwanangu," akauliza, "inapitisha?"