Rangi ya Ua la Bondwa

Tarehe mbili Mfungo Mosi, siku moja baada ya Idi, kaka yangu alifariki kwa homa. Tulikuwa tukimkusanyia mimea ya Uluguru Mjerumani mmoja wa Morogoro. Kaka alikwea miti kukata matawi yenye maua. Mimi, niliyesoma miaka miwili, niliandika mahali, urefu wa mti na rangi ya ua, kwa sababu ua likikaushwa ndani ya karatasi rangi yake hupotea. Alizoea kunipigia kelele kutoka juu: "Andika, mwalimu, kabla halijafa!"

Baada ya matanga nilifungua furushi letu la mwisho. Karatasi moja haikuandikwa rangi ya ua. Nilikuwa nimesahau, na ua lilikwisha kuwa kahawia. Yule Mjerumani, Bwana wetu, alisema bila rangi hawezi kujua kama ni mti mpya au ule anaoujua, na furushi litasafirishwa Ulaya wiki ile.

"Andika nyekundu," mpagazi wake akaniambia. "Nani atapanda huko kukusuta?"

"Mimi," nikasema.

Kesho yake nilipanda mlima Bondwa, mahali palipoandikwa kwenye karatasi ile. Niliutambua mti kwa alama ya panga la kaka kwenye tawi. Yalibaki maua mawili, meupe, yenye wekundu kidogo ndani. Nilikaa pale muda mrefu, moyo umetulia. Kisha nikaandika rangi, na mahali pa jina la mkusanyaji, ambapo siku zote niliandika la Bwana, nikaandika la kaka.

Bwana alisoma, akanitazama, akaiweka karatasi ndani ya sanduku la kwenda Ulaya.