Macho Mawili Upande Mmoja

Nikisikia harufu ya nta ya sakafu, hata kazini Fairfax ninakotunza wazee, miguu yangu huanza kutaka kuondoka. Ni harufu ya jumba la picha za kuchora tulilokwenda kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa. Tulikuwa tukiishi huku huku ughaibuni, mtaa wa Columbia Heights, katika nyumba ya chini ya ardhi ambayo madirisha yake yalituonyesha viatu vya wapita njia tu. Nilichora viatu hivyo kutwa nzima. Viatu viliruhusiwa, waliovivaa hawakuruhusiwa, maana Baba, mtu wa Unguja, alishika alivyofunzwa chuo cha Kurani utotoni, kwamba kiumbe mwenye roho hachorwi sura, kwa kuwa kuumba si kazi yetu. Nisimsingizie: hakunipiga wala kunichania karatasi. Aliifunika tu kwa kiganja, kama anayezuia upepo usiipeperushe, akasema, "Huyu mwache, mwanangu."

Shida ilianza kituo cha vijana cha mtaani kilipotangaza mafunzo ya bure ya kuchora. Niliyataka mpaka chakula kikanishinda. Baba akasema huko watafundisha sura za watu, kwa hiyo hapana. Mama, asiyependa kubishana naye mbele yangu, alingoja siku yake ya mapumziko. "Baba Zuhura, hukumu ukishaona. Twende tukatazame wanachochora hao wachoraji." Jumba lenyewe halina kiingilio, Baba akakosa kisingizio.

Tulipanda treni ya Laini ya Kijani. Ndani ya jumba kiyoyozi kilitupiga baridi, na Baba alitembea mbiombio, mikono nyuma, viatu vyake vya kazini vikilia sakafuni, kila chumba akikipita kama mtu aliyepoteza mlango. Kuta za vyumba vya kwanza zilijaa mabwana, mabibi na watoto wao waliochorwa, wote wakitufuata kwa macho. "Unaona?" alimwambia Mama, nami nikajua kiangazi changu kimekwisha. Kisha tukaingia chumba cha picha za mwanzoni mwa karne iliyopita, na hapo palikuwa na mwanamke ambaye macho yake yote mawili yalikaa upande mmoja wa pua, shavu limekatwa pembe kama kigae, mkono ukitokea mahali pasipo na bega. Baba akasimama kwa mara ya kwanza.

"Huyu alitaka kuchora mtu akashindwa?"

"Labda na yeye babake alimkataza," Mama akajibu.

Baba alicheka mpaka mlinzi akageuka. Mama akanitaka nisome kibao cha ukutani, nikatafsiri kwa kubabaisha: kwamba miaka ile mashine na vita vilikuwa vimeitikisa dunia, na wachoraji hawakuamini tena kuwa mtu akisimama mahali pamoja anauona ukweli wote. Baba hakunisikiliza. Alisogea kushoto, akasogea kulia, akainama. "Mtu wa namna hii hajaumbwa," akasema mwishowe. "Basi hapa hakuigwa mtu. Ukichora hivi, Zuhura, sina neno."

Sijui kama alielewa vibaya. Mimi sikusoma zaidi ya sekondari, na kila nikiliandika jambo hili katika shajara yangu nalifuta. Huenda wachoraji wale walizivunja sura kwa uchungu wao, sisi tukachukua ruhusa. Lakini nilikwenda kwenye mafunzo. Mwalimu alituketisha wawili wawili tuchorane. Wenzangu walihangaikia mfanano, mimi nikafuta kila jicho lililoniponyoka likakaa mahali pake. Akainua karatasi yangu juu, akawaambia wenzangu kuwa nina ujasiri. Niliona haya. Nilikuwa natii tu.

Sasa tunaishi Woodbridge. Baba amezeeka, anakaa nami, na simu yake imejaa nyuso: dada zake wanampigia kwa video kutoka Unguja, na picha ya mwanangu ndiyo ya kwanza ukiiwasha. Nilipomuuliza, alisema simu ni kioo tu, haichori. Labda ni kweli, labda amechoka kukataa. Mwezi uliopita aliniomba nimchore alivyo. Nilikaa mbele ya uso ule niliokatazwa, na mkono haukujua njia. Jicho la kulia lilikaa vizuri. La kushoto likalifuata huko huko. Mwanangu alichungulia akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba Babu amekosewa.

"Hili mbona liko huku?" Baba akauliza.

"Ndiko ulikoniruhusu, Baba."

Nikahofia nimemuumiza. Kisha akakivuta kiti kidogo kidogo mpaka akaelekea dirishani, nikabaki na upande mmoja wa uso wake, jicho moja, sikio moja, ukingo wa kofia. "Haya," alisema bila kunitazama, "chora hilo unaloliona." Akatulia, yeye aliyepita vyumba vile kama anafukuzwa. Mimi ndiye niliyehangaika kitini. Nilichukua karatasi nyingine, na lile jicho la pili, ambalo zamani ningelileta upande huu, nikaliacha huko kwake, likitazama nje.